Goti limepona, jicho ni jeupe: kwa nini binti yangu aanze dawa?

"Daktari, habari za kazi. Nina binti wa miaka minne na nusu, tunaishi Tabata. Mwaka jana goti lake la kushoto lilivimba, tukadhani ameanguka shuleni. Tulimkanda, tukampima selimundu, hana. Baadaye hospitali wakasema ni ugonjwa wa viungo wa watoto. Kipimo cha damu kinachoitwa ANA kilitoka chanya, akachomwa sindano kwenye goti, na sasa anakimbia kama wenzake. Tuliambiwa tumpeleke kliniki ya macho kila baada ya miezi mitatu. Mara ya kwanza hawakuona kitu. Mara ya pili sikwenda, goti lilikuwa limepona na nauli ilikuwa shida. Juzi nimempeleka, daktari anasema jicho la kulia lina uvimbe ndani. Amepewa matone ya steroidi kila saa, matone mengine ya kufungua mboni, na tumeambiwa huenda akaanza methotreksati. Mtoto halalamiki, jicho ni jeupe kabisa, anaona hata sisimizi sakafuni. Bibi yake anasema tunamharibu macho kwa madawa, na mimi nimesoma kuwa methotreksati ni dawa ya saratani. Je, ni lazima? Siwezi kusubiri kwanza nione kama jicho litaleta dalili?"

Mama, nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka. Usisubiri dalili. Kama matone bado hujaanza, anza leo, na tarehe ya kurudi kliniki usiiache ipite. Nitakueleza sababu, na nitakuambia pia pale ambapo hofu ya bibi ina ukweli, maana si kila anachosema ni cha kupuuza.

Naelewa kinachokukwaza. Mtoto anacheza, anakula, anaimba nyimbo za shule, halafu unaambiwa anaumwa jicho na unapewa chupa mbili na ratiba ya kila saa. Mzazi yeyote angesita. Tumezoea kwamba jicho bovu linajitangaza lenyewe. Ule mlipuko wa macho mekundu uliotupitia hapa Dar mwanzoni mwa 2024 ulikuwa hivyo: mtu anaamka kope zimegandana kwa tongotongo, macho yanawasha, yamewiva, na nyumba nzima inajua. Alichonacho binti yako ni kitu kingine kabisa. Hakiambukizi, hakitoi tongotongo, na kwa watoto wa umri wake mara nyingi hakiumi. Madaktari wanakiita uveitisi.

Nyuma ya kioo cha mbele cha jicho, yaani konea, kuna nafasi ndogo iliyojaa maji safi. Nyuma ya maji hayo ndipo ilipo ile sehemu yenye rangi, ambayo katikati yake kuna tundu jeusi tunaloliita mboni. Sehemu hiyo yenye rangi ina mishipa mingi ya damu. Katika ugonjwa wa viungo wa watoto, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inageukia mwili wenyewe. Kwenye goti inashambulia utando laini ulio ndani ya kiungo, goti linajaa maji na kuvimba. Kwenye jicho inashambulia ile sehemu yenye rangi na jirani zake, mishipa inaanza kuvuja, na seli nyeupe za damu pamoja na protini zinamwagika kwenye yale maji safi. Huo ndio uvimbe alioambiwa. Si uvimbe wa kope wala wa nje ya jicho, na huwezi kuuona hata ukimshika mtoto dirishani mchana kweupe.

Daktari anauona kwa mashine ile ambayo mtoto anawekewa kidevu kwenye kishikizo, taa nyembamba inapita jichoni na daktari anatazama kupitia hadubini. Umewahi kukaa kwenye chumba chenye giza, mwale wa jua ukapenya tundu la msumari kwenye bati, ukaona vumbi linaelea ambalo sekunde moja nyuma hukuliona? Seli ndani ya maji ya jicho zinaonekana namna hiyo hiyo, ndani ya ule mwanga mwembamba tu. Daktari anazihesabu, anaandika kiwango kwenye faili, na kiwango hicho ndicho kinachoamua idadi ya matone. Tochi ya simu haifanyi kazi hiyo. Ubao wa herufi au wa alama za E haufanyi. Macho ya mama, hata yawe makini kiasi gani, hayafanyi.

Hapo ndipo lilipo jibu la yule sisimizi. Seli zinazoelea hazizuii kuona, kwa hiyo kwa miezi kadhaa mtoto anaweza kuona vizuri tu huku uvimbe ukiendelea na kazi yake. Kinachopunguza kuona ni madhara yanayofuata, na yakishafika, mengine hayarudi nyuma. Sehemu yenye rangi inagandamana na lenzi iliyo nyuma yake, mboni inapoteza uduara. Chumvi ya chokaa inajipanga kwenye konea kama utepe mweupe unaokatiza jicho. Lenzi inapata ukungu, ndiyo mtoto wa jicho, na huyu haji kwa wazee peke yao. Presha ya jicho inapanda na kuumiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Nyuma kabisa, kwenye kitovu cha retina, yaani ule utando unaopokea picha, maji yanaweza kujaa. Na kwa mtoto mdogo kuna hasara nyingine: ubongo wake bado unajifunza kuona, jicho moja likileta picha yenye ukungu unaliacha na kutegemea lile zima. Mtoto wa hivyo halalamiki kwa sababu jicho la pili linabeba mzigo wote, na kwa sababu hajui kwamba watu wengine wanaona tofauti na yeye.

Nimewaona watoto walioletwa kwa mara ya kwanza kwa sababu mwalimu ameona kitone cheupe katikati ya jicho. Ukiweka dawa ya kufungua mboni, upande mmoja unafunguka na upande mwingine unabaki umeng'ang'ania pale pale. Kovu hilo halikutengenezwa wiki hiyo. Binti yako hajafika huko, na ndiyo maana nakuambia kwa moyo wangu wote kwamba wakati wenu ni huu.

Sasa goti. Hapa ndipo wazazi wengi wanapoteza tarehe za kliniki, na sababu inaeleweka: kama goti ndilo lililotupeleka hospitali na goti limepona, ugonjwa si umekwisha? Kwa bahati mbaya jicho halifuati ratiba ya goti. Linaweza kuwaka wakati viungo vyote vimetulia, na kwa watoto wachache huanza kabla hata kiungo hakijavimba. Sindano aliyochomwa ilifanya kazi kwenye goti, haikumlinda jicho. Kilichomfanya daktari aseme kila miezi 3 si goti, ni mambo mengine aliyoyatazama kwa pamoja: ugonjwa ulianza kabla hajafika miaka 7, viungo vilivyoguswa ni vichache, kipimo cha ANA ni chanya, na bado yuko ndani ya miaka 4 ya mwanzo. Mtoto mwenye mchanganyiko huo yuko kwenye kundi la hatari kubwa zaidi, na ratiba ya miezi 3 ndiyo inayotumika kwa kundi hilo. Katika nchi zilizowafuatilia watoto hawa kwa miaka mingi, mmoja au wawili kati ya kila 10 wenye ugonjwa wa viungo hupata uveitisi, na kwa wale wa kundi la binti yako idadi ni kubwa zaidi. ANA kuwa chanya, lakini, hakumaanishi ana lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kuushambulia mwili, wala hakuna haja ya kukirudia kila mwezi kuona kama kimeshuka. Kimeshafanya kazi yake.

Kuhusu kliniki moja uliyoikosa, usijitese. Umempeleka, limeonekana, linatibiwa. Na kama kuna mtu amekuambia baridi ya sakafu ya vigae au feni ndiyo iliyomletea ugonjwa, si kweli. Hakuna ulichofanya au kuacha kufanya kilichouanzisha.

Nije kwa bibi na matone. Steroidi ndiyo dawa inayozima uvimbe ndani ya jicho haraka kuliko nyingine yoyote tuliyonayo kwa njia ya matone, na ni kweli pia kwamba ikitumika muda mrefu bila kuangaliwa inaweza yenyewe kuleta mtoto wa jicho na kupandisha presha ya jicho. Bibi hajakosea kuiogopa. Alichokosea ni kudhani kwamba kuiacha ni salama, maana uvimbe usiotibiwa unaleta madhara hayo hayo na mengine juu yake. Njia ya kati ni kuitumia kwa nguvu mwanzoni, kwa muda mfupi iwezekanavyo, kupima presha ya jicho kila mnaporudi, kisha kuipunguza hatua kwa hatua kadiri seli zinavyopungua. Usiikatishe ghafla hata kama chupa imeisha Jumamosi usiku, uvimbe unaweza kurudi kwa kishindo. Nunua chupa ya pili kabla ya kwanza haijaisha, kwa karatasi ya daktari. Na baada ya matibabu kwisha, usirudi duka la dawa kununua nyingine kwa sababu jicho la mdogo wake limekuwa jekundu. Steroidi kwenye jicho lenye maambukizi inaweza kuliharibu kabisa.

Namna ya kuweka matone ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kama dawa ni nyeupe na inatuama chini ya chupa, itikise vizuri kila mara, la sivyo mtoto anapata maji na dawa inabaki chini. Mlaze chali, mwambie afumbe macho, dondosha tone moja kwenye kona ya ndani karibu na pua, halafu mwambie afumbue. Akifumbua dawa inaingia yenyewe bila vita. Kisha bonyeza taratibu ile kona ya ndani kwa kidole kwa dakika moja au mbili, dawa isikimbilie puani na kooni. Tone moja linatosha. Kati ya dawa moja na nyingine acha dakika 5. "Kila saa" maana yake ni wakati akiwa macho, huna haja ya kumwamsha usiku isipokuwa daktari amesema hivyo waziwazi. Kwa wiki hii ya kwanza ningemwacha nyumbani badala ya kumtegemea mwalimu mwenye watoto arobaini.

Yale matone ya pili yanafungua mboni ili ile sehemu yenye rangi isipate nafasi ya kugandamana na lenzi. Atalalamika mwanga wa jua na hataona vizuri vitu vya karibu. Hiyo ni kazi ya dawa, siyo jicho kuharibika. Kofia yenye ukingo mpana inasaidia. Akiwa mwekundu usoni, ana joto, mdomo umekauka na anahangaika kupita kawaida, simamisha hayo ya pili na umwone daktari siku hiyo hiyo.

Methotreksati ni kweli inatumika kwenye saratani, kwa dozi kubwa sana. Kwa watoto wenye ugonjwa wa viungo imetumika tangu miaka ya 1980 kwa dozi ndogo, mara moja kwa wiki, inayopimwa kwa ukubwa wa mwili wa mtoto. Kwa dozi hiyo haiui seli za mwili wake. Inaituliza kinga iliyopotea njia. Daktari wenu amesema "huenda" kwa sababu anataka kwanza kuona matone yanafika wapi. Jicho likitulia na matone yakapungua hadi kwisha, mnaweza kubaki mkifuatilia tu, na huo ni uamuzi halali. Lakini kama kila mkipunguza seli zinarudi, au baada ya miezi 3 bado anahitaji tone moja au mawili kila siku ili jicho litulie, au kama tayari kuna kovu, mimi ningemwanzishia mtoto wangu methotreksati bila kuvuta muda. Sababu ni ile ile ya bibi: tunataka kumtoa kwenye steroidi. Inachukua wiki kadhaa hadi miezi kuanza kuonyesha kazi, kwa hiyo matone hayaachwi siku ya kwanza ya vidonge.

Mkiianza, shika mambo haya. Ni siku moja ya wiki, ichagueni na iandikwe kwenye kalenda ukutani, na kila anayemlea mtoto aijue, kwa sababu kosa la hatari kuliko yote ni kumpa kila siku. Atapewa foliki asidi kupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomoni. Atapimwa damu na ini, mwanzoni mara kwa mara, baadaye kila miezi 2 au 3. Asipewe kotrimoksazoli, ile ambayo wengi tunaiita Septrin, wala dawa za malaria zenye salfa kama SP, kwa sababu zikikutana na methotreksati zinaweza kuangusha uzalishaji wa damu. Dawa hizo zinapatikana kirahisi mtaani, kwa hiyo taja methotreksati kwenye kila duka la dawa na kila zahanati. Akipata homa, asitibiwe kwa kukisia, apimwe. Akikaa karibu na mtoto mwenye tetekuwanga, mpigie daktari simu kabla vipele havijatoka. Na kampeni ya matone ya polio au chanjo ya surua ikifika mtaani, uliza kwanza, kwa kuwa chanjo zenye vijidudu hai zinahitaji ruhusa ya daktari wake.

Ikitokea methotreksati peke yake haitoshi, ipo sindano iitwayo adalimumabu, inayochomwa kila baada ya wiki mbili. Utafiti uliofanyika Uingereza kwa watoto 90 wenye tatizo hili hili, ukachapishwa 2017, ulionyesha kwamba kuiongeza juu ya methotreksati kulipunguza sana kushindwa kwa matibabu: asilimia 27 ya walioipata, dhidi ya asilimia 60 ya ambao hawakuipata. Bei yake ni kubwa, inabidi kuuliza bima mapema, na lazima mtoto apimwe kifua kikuu kabla, kwa sababu inaweza kuamsha kilicholala. Nimeitaja ili ujue kwamba njia haziishii kwenye vidonge. Kuna sindano ya jamii ya karibu, etanersepti, inayosaidia viungo lakini si chaguo zuri kwa jicho. Ukisikia ikitajwa, muulize daktari wa viungo kama anajua kuhusu jicho la kulia.

Wataalamu hawa wawili, wa viungo na wa macho, mara nyingi hawako jengo moja na mafaili yao hayaongei. Wewe ndiye unayebeba habari. Nunua daftari dogo, kila kliniki daktari aandike kiwango cha seli, presha ya kila jicho, idadi ya matone na tarehe ya kurudi. Hapa Dar, Muhimbili na CCBRT pale Msasani wana idara za macho zenye mashine niliyoieleza. Duka la miwani halitoshi kwa kazi hii, hata likiwa na vifaa vya kupendeza. Ukifika mapokezi usiseme tu "nimemleta mtoto apimwe macho", kwa sababu atasomeshwa ubao, ataonekana anaona vizuri na mtarudishwa nyumbani. Sema: ana ugonjwa wa viungo, ana uveitisi jicho la kulia, anahitaji kuangaliwa kwa taa nyembamba na kupimwa presha. Mpakate, au apige magoti juu ya kiti kidevu kifike kwenye kishikizo. Wengi wa umri wake wanaweza, wakiwa wameshiba na hawajachoka na foleni, hivyo tokeni Tabata mapema.

Tegemea kurudi ndani ya wiki moja au mbili tangu kuanza matone, halafu ndani ya mwezi mmoja kila dozi inapobadilishwa, na jicho likikaa kimya muda mrefu ndipo mtarudi kwenye miezi 3. Jicho la kushoto nalo liangaliwe kila mara. Methotreksati ikianzishwa, kwa kawaida haipunguzwi mpaka jicho litulie kwa miaka 2 mfululizo. Najua ni muda mrefu, na sitakuahidi tarehe ya mwisho. Kuna wanaotulia wakikua, na wapo wanaoendelea hadi utu uzima. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba watoto wanaogunduliwa mapema na kufuatiliwa bila kukatisha, wengi wao wanabaki na macho ya kusomea na kufanyia kazi.

Usisubiri tarehe kama jicho limekuwa jekundu na linauma, kama anakwepa mwanga kabla ya kuwekewa matone ya kufungua mboni au siku nyingi baada ya kuyaacha, kama mboni si duara, kama kuna weupe katikati ya jicho, kama ameanza makengeza, anajikwaa au anasogeza kitabu karibu na uso. Weupe ndani ya mboni ya mtoto yeyote, hata asiye na ugonjwa wa viungo, ni wa kuonwa na daktari wa macho siku hiyo au kesho yake. Akiwa kwenye methotreksati, ongeza homa kali, vidonda vingi mdomoni na kutapika kusikokoma, hivyo vimpeleke hospitali moja kwa moja. Na kama nauli au dharura itawakosesha kliniki tena, usisubiri miezi mitatu mingine ili muingie kwenye ratiba. Nenda wiki inayofuata, eleza mlikosa lini, waombe wamwone.